Mashavu Mawili ya Gari la Mkunga

Tangu asubuhi Msasa hakukalika. Akikaa kwenye ndoo anainuka, akiinuka anafagia pale pale alipokwisha kufagia, kisha anarudi kuyatazama masanduku mawili kando ya mlango wa karakana. Nyundo za kaka yake sanduku hili, nyundo za mdogo wake sanduku lile. Koleo la marehemu baba lilikuwa peke yake juu ya benchi, kama mtoto asiyejua atalelewa na nani.

Leo ndiyo leo. Bibi Mkunga anakuja kuliona gari lake.

Lilikuwa gari la kizamani, lenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa. Mume wa bibi huyo aliliendesha mpaka alipofariki, na kutu ikarithi kilichobaki. Madigadi za mbele, zile wanazoziita mashavu, zilikuwa zimeliwa hata ukizigusa zinameguka mkononi. Ilibidi kuchonga mpya kutoka bati bapa, kwa nyundo na kwa kiganja. Na pati, ule uji mzito wa kuzibia mabonde, haukuruhusiwa kuingia mle karakanani. Baba yao alikuwa akisema pati ni poda ya kufichia vidonda.

Ndugu wawili wa Msasa ndio waliozichonga. Mkubwa wateja walimpa jina la Duara, maana kila alichokigonga kilinenepa. Mdogo wakamwita Pasi, maana kila alichokigonga kililala. Zamani waligonga bati moja, mmoja ndani na chuma cha kuegemezea, mwingine nje na nyundo, na unene wa huyu ukikutana na ubapa wa yule, kazi inatoka sawasawa. Kisha ikaja ile boneti iliyovimba katikati mbele ya mteja. Duara akasema mdogo wake hana mkono. Pasi akasema kaka yake hana macho. Tangu hapo ikawa fahali wawili zizi moja, wakatundika turubai katikati ya karakana, kila mtu na shavu lake.

"Yakifanana, tunabaki," Duara alitangaza. "Yasipofanana, tunagawana kila kitu, hata ufagio."

"Ufagio chukua wewe," Pasi akamjibu. "Kwangu hakutakuwa na uchafu."

Hakuna aliyemuuliza Msasa yeye atatiwa sanduku lipi. Alikuwa wa katikati kwa kuzaliwa na wa katikati kwa kazi: bati likitoka kwao linakwenda kwake kusuguliwa na kupakwa rangi. Ni yeye tu aliyeruhusiwa kuvuka turubai, na kila upande ulimfunga mdomo. "Ukipeleka habari kule, usiniite kaka tena." "Dada, ukisema tu, tumeachana."

Basi jana alikwenda kusugua. Alifumba macho kama alivyofundishwa, kwa kuwa jicho hudanganywa na mwanga lakini kiganja hakihongeki. Akakipitisha kwenye shavu la Duara, na kiganja kikateleza kama mezani. Akafumbua macho akidhani amepotea njia. Akavuka kwa Pasi, akafumba tena, na mkono ukapanda mlima.

Hapo ndipo maneno aliyoyasikia wiki nzima yalipopata maana. Duara akinung'unika peke yake, "Mdogo wangu angeliona angesema limenenepa," kisha analilaza kidogo. Pasi naye akimuuliza, "Hivi kaka angesema limelala?" kisha analiinua kidogo. Kila mmoja alikuwa akimsikiliza mwenzake aliye nyuma ya turubai, bila kujua na yeye anasikilizwa.

Aseme? Akimwambia mmoja, ataligonga upya, na bati lililopigwa sana hukonda mpaka likapasuka. Akiwaambia wote wawili, wote watageuka, na mambo yatakuwa yale yale kinyume. Na alikuwa ameahidi. Usingizi ulimpaa, na mpaka sasa haujarudi.

Bibi Mkunga aliingia na mkoba wake, akakataa kiti. "Sikuja kukaa. Nataka kuuona uso wake. Marehemu akikata kona ile, nilikuwa nikiuona uso huu ndipo naweka chai."

Ndugu wakafunga mashavu, huyu kushoto, yule kulia, bila kutazamana. Boliti ya mwisho ilipokazwa, wakarudi nyuma wote pamoja.

Bibi Mkunga akainamisha kichwa upande mmoja, kisha mwingine.

"Wanangu," akasema, "nimezalisha watoto wengi. Huyu anaumwa jino."

Duara alikuwa amesimama mbele ya shavu la Pasi, anatoa macho.

"Hili langu," alisema. "Huu ni mkono wangu."

"Na hilo lako ni langu!" Pasi akapayuka. "Nani alikutuma kuniiga?"

"Wewe nani alikutuma?"

Wakamgeukia dada yao kwa pamoja.

"Msinitazame," Msasa akasema. "Mlinikataza kusema, nimekatazika. Lakini kila mmoja amefanya kazi ya mwenzake, na ameifanya vibaya kuliko mwenyewe."

Duara akaondoka, akaenda mlangoni, akainama kwenye masanduku. Basi ndiyo hivyo, Msasa akawaza. Anabeba. Anaondoka na vyake mbele ya mteja. Alimsikia akipekua, vyuma vikigongana.

"Chuma cha kuegemezea kiko wapi?"

"Sandukuni kwangu," Pasi akasema.

"Nikuombe kwa barua?"

Pasi alijikuna shingo. "Wewe mnene huenei huko chini. Nitaingia mimi nikishike. Gonga polepole, usije ukanivunja vidole kama mwaka ule."

"Mwaka ule ulikuwa unasinzia."

"Nilikuwa nakusubiri upige!"

Akajitosa chini ya gurudumu, miguu tu ikabaki nje. Mlio wa kwanza ukatoka wa woga. Wa pili ukaitikiwa kutoka ndani. "Juu," sauti ikasema chini ya bati. "Juu yako au juu yangu?" "Wewe gonga bwana!"

Bibi Mkunga alikwisha kuvuta kile kiti alichokikataa.

Walipolimaliza shavu la kulia wakahamia la kushoto, wakibishana njia nzima. Kisha Duara akaishusha nyundo na kufuta jasho.

"Msasa! Njoo na kiganja chako."

Akaja, akafumba macho, akapitisha mkono kushoto, akapitisha kulia, akarudia.

"Bado," akasema.

"Wapi?" wakauliza wote wawili.

Akawaonyesha, kisha akaenda kukaa kwenye ndoo, na safari hii hakuinuka.