Watu Mia Mbili Nyuma ya Bibi Nakundwa

Jana mchana, baada ya kula makande na kujinyoosha juu ya magunia ya tangawizi, Bibi Nakundwa aliota kwamba herufi E amepiga hodi mlangoni kwake.

Alikuwa E wa kawaida, mweusi, mrefu kama fremu ya mlango, na miguu yake mitatu ilikuwa imevaa buti. Begani alibeba mkoba. Aliinama kwa adabu, akagonga kichwa kwenye bati, akaomba radhi kwa bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Sijui huwa unakaaje, lakini kigoda kipo."

"Nitasimama tu, asante. Tunapima macho. Tunataka kujua katika milima hii yote kuna wasioona wangapi, na kinachowazuia kuona ni nini. Hatuwezi kupima kila mtu, kwa hiyo tunachagua nyumba chache. Yako imechaguliwa."

"Na nani?"

"Na bahati."

"Bahati yupi? Yule wa mashine ya kusaga?"

"Hapana, mama. Bahati nasibu."

Bibi Nakundwa akatikisa kichwa. Ukoo huo hakuufahamu.

Sasa, ni vizuri tuseme jambo moja kabla hatujaendelea. Bibi Nakundwa alikuwa mjane, mkulima wa tangawizi huko milimani Upare, na kwa miaka kadhaa ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake ukakataa kutoka. Hakumwambia mtu. Watu aliwatambua kwa vikohozi vyao na kwa jinsi wanavyokanyaga, na tangawizi aliichambua kwa kidole gumba na pua. Mwanawe mkubwa yuko Dar es Salaam, na alikwisha kusema kwamba siku mama akichoka, atakuja kumchukua akakae naye ghorofani. Bibi Nakundwa aliwahi kukaa ghorofani siku chache. Hakukuwa na udongo.

Kwa hiyo alinyamaza. Wiki iliyopita alimsalimia mgomba, akamwuliza habari za mkewe, na alipoona kimya akahitimisha kwamba wamegombana. Hayo yote aliyamudu. Kilichomuuma ni kimoja tu. Mkwewe Eliapenda, mke wa kitinda mimba wake, ambaye anaishi naye, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Elineema. Mtoto alikwisha kuanza kutembea na kumwita bibi, na bibi hajawahi kuuona uso wake.

Turudi ndotoni.

"Umri wako, mama?" E anauliza.

"Sitini na ushee."

"Vizuri. Walio chini ya hamsini hawaruhusiwi kuota ndoto hii." Anafungua mkoba, anatoa kamba, anaanza kupima uwanja. "Jambo lingine. Kwa kuwa umechaguliwa, unawakilisha watu mia mbili."

"Wako wapi hao?"

"Nyuma yako."

Bibi Nakundwa anageuka. Kweli, wapo. Ndotoni macho yake ni yale yale ya mchana, kwa hiyo anawaona kama nguo zilizoanikwa ndani ya ukungu, lakini anawasikia vizuri. Wamepanga mstari kutoka mgongoni kwake, ukateremka matuta ya tangawizi, ukavuka mfereji, ukapotea bondeni. Mmoja ana kuku kwapani. Mwingine ametolewa bafuni akiwa na povu kichwani, naye anaeleza kila mtu kwamba hakupewa nafasi ya kujimwagia maji.

"Habari zenu?" anasema Bibi Nakundwa, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Nzuri, habari yako?" wanajibu mia mbili kwa mpigo. Bati linatetemeka.

E amekwisha kwenda upande wa pili wa uwanja. Kadiri anavyokwenda anapungua. Anakuwa mdogo kama kigoda, kisha kama kikombe, kisha anakuwa doa. Sauti yake haipungui.

"Mama, miguu yangu inaelekea wapi?"

Bibi Nakundwa haoni miguu wala mwenye miguu. Lakini amezoea kubahatisha. Ameishi kwa kubahatisha.

"Juu," anasema.

"Juu!" wanaitikia watu mia mbili.

"Na sasa?"

"Kulia."

"Kulia!"

"Unaona vizuri, mama?"

"Naona vizuri kabisa."

"Tunaona vizuri kabisa!" wanasema mia mbili, na hapo hapo wanatawanyika kuendelea na shughuli zao kama watu wanaoona. Mwenye povu anaingia mferejini. Wawili wanasalimiana na nguzo. Mzee mmoja anashika njia ya mgongo wa ng'ombe akidhani ndiyo ya kwenda kanisani, na ng'ombe anamvumilia.

Mwanamke mmoja tu amebaki. Anamshika Bibi Nakundwa kiganja. Mkono wake umejaa makovu ya moto, kama ya mtu anayepika bila kuona jiko.

"Dada," anasema, "mimi naitwa Nietiwe, natoka huko bondeni. Sikulaumu. Lakini ukisema unaona, na mimi nimeona. Watahesabu, watakuta huku kwetu kila mtu ana macho mazima, watafunga mikoba. Daktari hatakuja. Gari halitakuja. Mimi nitaendelea kuungua."

"Kwani nisiposema mimi, wewe huwezi kusema?"

"Sikuchaguliwa. Aliyechaguliwa ni wewe."

Hayasemi kwa ukali. Anayasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Bibi Nakundwa anageukia uwanja. Anapaza sauti: "Wewe E! Ngoja!"

E anarudi, anakua njiani, anafika akiwa na urefu wake wa kawaida.

"Nilikuwa nangoja," anasema. Kutoka mkobani anatoa kibao cheusi chenye tundu dogo kama la sindano. "Tukiwa na mashaka huwa tunamwambia mtu atazame kwa hapa. Lakini wewe pita kabisa."

"Nipite? Na kiuno hiki?"

"Wengi hupita, mama. Anza na kichwa."

Akaanza na kichwa. Kiuno kilisumbua kidogo, kisha akajikuta upande wa pili, ndani ya sebule ya duara iliyopakwa chokaa. Ilikuwa na dirisha moja tu, la duara nalo, na mbele ya dirisha palikuwa na kiti, na juu ya kiti lilikaa jibaba lenye kitambi, lililovaa nyeupe tupu, likizuia mwanga wote.

Ndani humo Bibi Nakundwa aliona kila kitu sawasawa, hata vifungo vya shati.

"Karibu, mama," likasema lile jibaba bila kuinuka.

"Mama yako nani? Wewe ni nani?"

"Mimi ni mtoto wa jicho."

"Mtoto! Mtoto una mvi?"

"Niliingia mdogo. Nimekulia humu." Akajikuna kitambi. "Nilipoingia nilikaa pembeni, sikumziba mtu. Nilingoja uniambie nitoke. Hukusema. Nikasogea kidogo. Hukusema. Nikaleta kiti."

Bibi Nakundwa akainamisha kichwa, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Lakini sikukuibia," akaendelea yule mtoto. "Vyote vilivyofika dirishani nikakuzibia, nimekutunzia. Fungua pale."

Palikuwa na mlango wa stoo. Bibi Nakundwa alifungua, na ndani zilikuwa zimepangwa, kama mashuka yaliyokunjwa, picha zote ambazo macho yake hayakumpa, hata za mambo yaliyofanyika akiwa usingizini. Mvua ya mwaka juzi ikiwa inatoka bondeni. Maua ya tangawizi. Mgomba ule aliousalimia, umeaibika. Akachambua haraka haraka kama mtu anayetafuta khanga yake sokoni, mpaka akampata Eliapenda.

Ni alfajiri. Eliapenda yuko peke yake kwenye njia ya kwenda shambani. Mtoto amemfunga mgongoni. Anainama, anaokota jiwe, analiweka kando. Anapiga hatua, anainama, anaokota jingine. Anafika kwenye mzizi uliotokeza, anaukata kwa panga, anapapasa kwa kiganja kuhakikisha hapatakwaza mguu. Kisha anarudi nyumbani mbio, anajilaza, na jua likichomoza anatoka akipiga miayo na kusema, "Umeamkaje, mama?"

Picha za aina hiyo zilikuwa rundo.

"Anajua," alisema Bibi Nakundwa taratibu.

"Tangu zamani. Alisubiri useme mwenyewe, asikuvunjie heshima."

Bibi Nakundwa akakaa chini, pale pale stoo, akalia. Hakulia kwa aibu. Alilia kama anavyolia mtu aliyedhani amebeba mzigo peke yake, akageuka akakuta mwenzake ameshika upande wa pili tangu mwanzo wa safari.

Mtoto wa jicho akakohoa. "Na uso wa mjukuu je? Upo rafu ya juu."

Bibi Nakundwa akainuka, akanyoosha mkono. Kisha akaurudisha.

"Hapana," akasema. "Huo sitaki wa stoo. Nitautazama dirishani. Mwanangu, asante kwa kunitunzia vitu vyangu. Sasa inuka, utoke."

"Hilo tu ndilo nililokuwa nangoja," akasema yule mtoto, akaanza kukunja kiti. "Lakini siwezi kutoka peke yangu, mama. Njia hainijui na mimi siijui. Lazima aje wa kunitoa. Waambie huko nje, kwa sauti."

Bibi Nakundwa akarudi kupitia tundu. Safari hii kiuno hakikusumbua. Alisimama uwanjani, mbele ya E, akavuta pumzi.

"Sioni," akasema.

"Hatuoni!" wakaitikia watu mia mbili, kutoka mferejini, kutoka nguzoni, kutoka mgongoni kwa ng'ombe. Na walilitamka neno hilo kwa furaha kiasi kwamba vigelegele vilipanda bonde zima. Nietiwe alimkumbatia. Mwenye kuku alitaka kumpa kuku. E, ambaye kazi haikumruhusu kulia, aliinamisha miguu yake yote mitatu chini.

"Mama! Mama, amka, kuna wageni."

Ilikuwa sauti ya Eliapenda. Bibi Nakundwa akafumbua macho ndani ya ukungu wake. Uwanjani kulikuwa na muuguzi, binti mwenye sauti ya upole, aliyejieleza kwamba wanapita nyumba chache kupima macho ya wazee. Alikuwa amekwisha kutundika kadi yake yenye herufi E kwenye mpera.

"Bibi, naomba unioneshe kwa mkono. Miguu ya hii herufi inaelekea wapi?"

Eliapenda, aliyesimama karibu, alizuia pumzi. Bibi Nakundwa alimsikia akiizuia.

"Mjukuu wangu," alisema, "hiyo herufi siioni. Hata mti siuoni. Nina muda mrefu sioni, ila sikusema."

Eliapenda akashika khanga mdomoni. Bibi Nakundwa akapapasa hewani mpaka akampata bega.

"Na wewe, Mama Elineema, nakushukuru kwa mawe."

"Mawe gani, mama?"

"Unayajua."

Eliapenda akaketi miguuni pake, akalia, na kitoto kikaja kulia nao bila kujua sababu. Muuguzi alingoja mpaka wakanyamaza. Kisha akamulika macho yote mawili kwa tochi, akasema ni mtoto wa jicho, kwamba anatoka, kwamba gari litapita kuwachukua wote waliokutwa naye, na hospitali haiko mbali kiasi cha kuogopesha. Alisema pia kwamba baada ya hapo bibi atarudi shambani kwake; Bibi Nakundwa akaelewa kwamba si ghorofani kwa mtu.

"Asante," alisema Bibi Nakundwa. "Mungu akupe macho marefu."

Muuguzi akaondoka. Eliapenda akamsindikiza hadi mwisho wa uwanja, na huko akasimama ghafla.

"Mama," akaita, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Uwanja nimeufagia sasa hivi, kabla hujaamka. Ukiacha zetu na za muuguzi, hizi nyayo ni za nani? Zimejaa mpaka kwenye matuta, mpaka mferejini. Na zote zimeelekea mlangoni. Hakuna hata moja iliyoondoka."

Bibi Nakundwa akageuzia sikio uwanjani. Akatabasamu.

"Basi bandika sufuria kubwa, mwanangu," akasema. "Watu hawajanywa chai."