Kichwa cha Treni cha Mama Mkwe

Kichwa cha treni kilikaa sandukuni, darini, miaka tisa, kimeviringishwa flana kama kichanga. Siku kilipotolewa, kiligoma.

Mama mkwe alikiweka juu ya reli alizozitandaza sakafuni, akazungusha kitufe cha transfoma. Kimya. Akakisukuma kwa kidole. Wapi! Muuguzi mstaafu yule, aliyepokea vichanga na kufumba macho ya wafu bila mkono kutetemeka, akageukia dirishani.

"Basi, kimeshajifia. Nipe sanduku lake, mwanangu."

Mke wa mwanawe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, hakutoa sanduku. Siku zote alidhani vile vitu vya darini vilikuwa vya kuchezea vya mumewe utotoni. Asubuhi hiyo tu, mjukuu alipohamia bweni na chumba kikabaki wazi, ndipo alipoambiwa kuwa kichwa hicho na kila behewa alivitengeneza mama mkwe mwenyewe, siku za mapumziko ya zamu, kwa makopo ya maziwa na nyaya.

"Mama, mashine haifi kwa kulala. Hebu niachie niitazame."

Alianza na umeme. Akagusisha nyaya za transfoma kwenye balbu ya tochi, ikawaka. Reli zilikuwa zimeingia weusi, akazisugua kwa raba ya kufutia mpaka zikang'aa. Magurudumu nayo akayafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Safari hii kichwa kilinguruma kidogo, kama mtu anayeamshwa hataki, lakini hakikusogea.

"Umesikia?" Mama mkwe alirudi mbio, maumivu ya magoti ameyasahau. "Kinaumwa tu!"

"Mota inataka, miguu haitaki. Nikifungue?"

Mama mkwe alisita. Hakuna aliyewahi kukifungua isipokuwa yeye. Kisha akamkabidhi bisibisi nyembamba kama njiti ya kiberiti.

Skrubu nne, ganda likatoka. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye gia, ya manjano, yananata kama gundi. Sindano akacheka, ugonjwa huo aliletewa kila wiki kwenye cherehani za watu.

"Mama, ulitia mafuta gani?"

"Ya kupikia. Siku ile sikuwa na mengine."

"Muuguzi mzima!"

"Mgonjwa hakulalamika," akajibu mama mkwe, na wote wawili wakaangua kicheko.

Sindano alichokonoa jino moja la gia baada ya jingine kwa kijiti, kisha akaliinua lile ganda kwenye mwanga ili alifute. Hapo mkono ukamganda hewani. Ndani kabisa, mahali ambapo jicho lisingefika ganda likiwa limefungwa, palikuwa na kisanamu cha dereva aliyeketi, shati lake lina vifungo. Nyuma yake ukutani ilining'inia kalenda ndogo kama punje ya mchele. Akachukua kioo chake cha kukuzia. Kalenda ilikuwa na tarehe zote, na moja imezungushiwa wino mwekundu.

"Mama… hii nani angeiona?"

"Hakuna."

"Na hii tarehe?"

"Siku yake ya kupumzika. Dereva naye anachoka."

Miaka kumi na tano ya kushona, Sindano alijiona bingwa wa subira; sasa aliitazama ile mikono yenye vifundo vilivyovimba. Alitia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli ya magurudumu, akafunga taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mtu aliyelala.

Kitufe kikazungushwa. Kichwa kikatikisika, kikaondoka.

Sindano alijilaza chini, shavu sakafuni. Kutoka uvunguni mwa kitanda taa ilichomoza, ikamjia moja kwa moja, reli zikiimba, kichwa kikikua na kukua hadi chumba chote kikatoweka, ikabaki treni peke yake.

"Sogea, mwanangu, hakina breki!"

Kilimpita karibu na pua, upepo wake ukamgusa kope. Hakuinuka.

Mama mkwe alimshikisha kitufe. "Haya, endesha wewe," alisema, akianza kupiga magoti kwa tabu. "Nipishe nami hapo chini nione."