Kisanduku cha Sukari

Kaka yangu ni seremala, na mtaani wanamwita Msumari kwa sababu akishaingia mahali hatoki. Siku muuguzi alipomwambia mkewe kwamba ugonjwa wa sukari hauna mzaha, na kwamba kidonda chake cha kidole cha mguu kikichezewa mguu wote utaondoka, Msumari alirudi nyumbani akakusanya kila kitu kitamu, hata peremende zangu za kikohozi, akagawa kwa majirani. Nyumba nzima tukaacha sukari. Mimi sikuwa naumwa chochote, lakini nani aliniuliza?

Ulibaki mfuko mmoja tu wa sukari. Muuguzi alikuwa amesisitiza: mtu anayejidunga insulini, sukari yake inaweza kushuka ghafla, na ikishuka apewe kitu kitamu upesi. Basi kaka akaitengenezea sukari hiyo kisanduku cha mbao ngumu, akakipiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana yake nyuma ya nyumba alikiinua na kukitikisa. Akiona bado kizito, anaondoka na amani yake.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Tulifanya kazi pamoja chumba cha mbele, yeye anashona, mimi natia vifungo na kupiga pasi, tukitaniana mpaka wateja wakadhani tunagombana. Yeye aliniita Mdomo. Mimi nilimwita Sisimizi, kwa jinsi alivyonusa kitu kitamu kilipo. Hakuwa mlafi, jamani, msimwelewe vibaya. Alikuwa mtu aliyekunywa chai tamu tangu utotoni, halafu siku moja akaambiwa basi. Wakati mwingine mashine ilinyamaza ghafla, nikigeuka namkuta anaangalia ukuta.

"Mdomo, hamu inakaa hapa," aliniambia siku moja, akigusa koo. "Hata nikilala haitoki."

Nilimpa maji, nikampa na karanga, nikamwambia atazoea. Ni rahisi kuyasema hayo wakati koo si lako.

Kisha akachangamka. Alianza kuimba akishona, na kaka akatamba mtaa mzima kwamba mkewe ameishinda hamu. Kipimo cha nyumbani ndicho kilichokataa, kila siku kinapanda. Kaka akakigombeza kipimo. Alisema betri imekufa.

Siku yenyewe sare za shule zilikuwa zimetujaa mpaka mlangoni. Wifi alijidunga mchana, chakula kikiwa tayari mezani, mara akaingia mteja na gauni linalombana, analitaka saa ileile. Wifi akasema amalizie mshono huo tu. Mshono ukazaa mwingine, chakula kikapoa. Nikamwona anashindwa kutunga uzi, nikamtania kwamba uzee umebisha hodi. Blauzi ilikuwa imemganda mgongoni kwa jasho, mikono inatetemeka, na aliponitazama nikaona ananitafuta jina.

Nilimwita kaka kwa sauti yangu yote. Alikuja mbio, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nilitaka kukimbilia dukani, akanizuia: ya nini dukani, na sukari ipo ndani, ameitunza kwa ajili ya siku hii hii? Ufunguo ulimponyoka, akauokota, kufuli likafunguka. Akachota vijiko vilivyofurika, akakoroga kwenye kikombe cha maji, akamwinua mkewe kichwa.

Wifi alikitazama kile kisanduku kilichofunguliwa, akafumba mdomo. Kaka akambembeleza. Akatikisa kichwa. Kaka akamlazimisha, akatema. Akamlazimisha tena, maji yakamshukia kifuani.

"Si..." alisema wifi, ulimi mzito. "Si..."

"Si nini?" Kaka alikuwa analia. "Miaka unanisumbua kwa kitu hiki, leo nakupa kwa mkono wangu unakataa? Kunywa, mke wangu."

Maji yalikuwa yamenirukia mkononi. Sijui hata kwa nini nilijilamba.

"Kaka, acha," nikasema. "Hii ni chumvi."

Alinitazama kana kwamba nimemtusi. Akatia kidole mfukoni mwa sukari, akalamba. Akatia tena, chini kabisa, akalamba. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio. Muuza duka, ambaye kaka mwenyewe alimwonya asituuzie kitu kitamu, akaanza kucheka na kuuliza kama leo tumeshindwa. Nikamrushia tusi ambalo sikujua kama ninalo, nikajichukulia sukari. Niliporudi wifi alikuwa ameshazimia, meno yamebana, na kaka yuko sakafuni amempakata. Tukamkimbiza hospitali.

Baadaye, nikisafisha chumba, nilikigeuza kisanduku. Kaka alikuwa amelinda kifuniko, lakini kitako alikifunga kwa skrubu tu, na vichwa vyake vilikuwa vimekwaruzika. Nikachukua bisibisi ndogo ya cherehani, ikatosha. Wifi alikuwa akichota kwa chini, na kila alipochota alirudishia chumvi, uzito usipungue, Msumari aende kazini na amani yake. Nilimkasirikia mpaka nikalia. Kisha nikamkasirikia kaka na kufuli lake, maana mtu mzima hafungiwi chakula kama kuku.

Daktari alisema ubongo ulikaa muda mrefu bila sukari. Wifi amerudi nyumbani. Anakaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani na hashoni. Tukimlisha anakula. Hapendi kitu, hakatai kitu. Haniiti tena Mdomo, haniiti chochote.

Kaka alikichoma kile kisanduku. Sasa sukari iko mezani, kwenye bakuli lisilo na kifuniko, karibu na mkono wa mkewe. Kila asubuhi anaisawazisha juu kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kisha anakwenda karakana. Jioni akirudi hata salamu hatoi kwanza. Anainama juu ya bakuli kutafuta alama ya kidole, halafu anakwenda kunawa.

Jana nilishindwa kuvumilia. Kabla hajarudi nikachovya kidole changu.

Alipoiona ile alama, Msumari alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika mkewe mikono yote miwili, akamwita mwizi wake, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wifi alikuwa anaangalia ukuta. Leo asubuhi kaka ameisawazisha tena sukari, ameondoka anapiga mluzi, na mimi nimekaa na pasi yangu sijui jioni nifanye nini.