Chui wa Bibi Kija

Asubuhi ile nilikuwa nacheka hata na mawe. Ilikuwa safari yangu ya majaribio ya kuongoza wageni katika msitu wa kijiji chetu, huku Sengerema: nikifanya vizuri, kazi ni yangu, nikiharibu, anaichukua binamu wa katibu wa kijiji, ambaye hajui mti wowote zaidi ya mwembe.

Mwamuzi alikuwa Mzee Machibya, mwenyekiti wa kamati ya msitu, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Wageni walikuwa wanakwaya kumi waliovuka na kivuko kutoka Mwanza. Machibya alimleta pia mama yake, Bibi Kija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Twende, Rebeka, kabla magoti hayajaghairi."

Tukaingia. Nikataja miti yote bila kukosea. Tumbili akamnyang'anya mwalimu wa kwaya kofia, akaivaa kabisa, tukacheka mpaka sauti ya kwanza na ya pili zikachanganyika. Furaha ilinipanda kichwani. Tulipofika kwenye chemchemi, nikakohoa kidogo, nikaanza hadithi kubwa.

"Zamani hapa palikuwa pakavu. Ng'ombe walimaliza nyasi, mashoka yakamaliza miti, kikabaki kichaka kimoja tu. Ndipo chui mkali akahamia humo. Watu wakaogopa kusogea, miti ikachipua, maji yakarudi. Wazee wakaamua pawe ngitili, mifugo isiingie tena. Kwa hiyo, ndugu zangu, chui ndiye aliye..."

Bibi Kija alikuwa anacheka. Alianza ndani ya kanga, kisha waziwazi, mpaka akakaa kwenye mzizi na kushika mbavu.

"Hakukuwa na chui," akasema.

"Mayu!" Machibya akamkemea mama yake. Hadithi ile ya chui aliiandika yeye mwenyekiti.

"Chui nilikuwa mimi. Baba alimkataa Masalu kwa sababu hakuwa na ng'ombe wa kutosha. Tukawa tunakutana kichakani. Wachunga ng'ombe wakatusumbua, kila tukikaa, ndama huyo! Siku moja nikakimbilia kijijini nikipiga yowe, chui, chui! Masalu akachana magome kwa mundu, yaonekane kama makucha. Hakuna aliyetusumbua tena misimu mitatu."

Wanakwaya walipiga vigelegele. "Mapenzi kikohozi!" mmoja akapaza sauti. Mimi nilicheka nusu tu, maana akilini nilimwona binamu wa katibu ameshavaa sare yangu.

Machibya alikuwa akihesabu misimu ile kwa vidole. Akakomea kidole cha tatu.

"Mayu. Na mimi?"

"Na wewe ulianzia hapo hapo," akasema Bibi Kija. "Ulitangulia maji kidogo tu. Baba yangu alipoona tumbo, ng'ombe wakatosha."

Mwenyekiti akatazama chemchemi, akatazama miti, akamtazama mama yake. Mdomo ukamtetemeka, kisha Mzee Machibya akacheka, kicheko kikubwa chenye kutu, na tumbili wakakimbia na kofia yao.

Akajifuta macho. "Rebeka, kesho saa mbili uje kazini. Chui mtoe. Mtaje mama."

"Na Masalu," akasema Bibi Kija. Sasa hakuwa anacheka. "Alikufa huku watu wakimsifu chui."

Nikawageukia wageni, nikaanza upya.

"Ndugu zangu, msitu huu ulianzishwa na Kija na Masalu, waliokosa mahali pa kukaa wawili."