Miezi Minne ya Chai ya Andati

Wewe unayesoma, umewahi kumpikia mtu chai kila siku kwa miezi minne, naye akainywa, akashukuru, akaenda zake, na bado usijue alikuwa amekuja kutafuta nini?

Mimi nilimpikia Andati. Alikuwa anafika saa nne asubuhi, nikishamaliza kufagia. Anabisha mlango ambao uko wazi, anaingia na kofia mkononi. Kutoka kwake hadi kwangu ni mistari miwili tu ya nyumba, hapa Shauri Moyo, kwa hivyo si safari. Anakunywa vikombe viwili, vyenye tangawizi, sukari vijiko vitatu. Anatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyeangusha kitu humo. Saa tano na nusu anasimama. "Haya, Mama Wahome, Mungu akuweke." Basi. Akirudi kwake hali chochote. Hilo nililijua kwa sababu sufuria nilizompelekea jioni zilirudi asubuhi vile vile zilivyotoka, hata mfuniko haujahama.

Alianza kuja wiki ile tuliporudi kutoka Khayega, kijijini kwao, kumzika mke wake, Mideva.

Ngoja nikuambie Mideva alikuwa mtu wa namna gani. Tulijuana kwenye mfereji, mwaka wa sabini na tisa, mimi nikiwa mgeni hapa na tumbo la Wahome, yeye mgeni na tumbo la Luseno. Aliacha ndoo yake kwenye foleni akaenda kugeuza ugali. Mimi nikaisukuma kando, nikaweka yangu. Aliporudi, nilijitayarisha kwa matusi. Hakutukana. Alingoja ndoo yangu ijae, akaibeba kichwani, akaniambia, "Haya, nionyeshe mahali unaishi, nijue pa kuja kugombana."

Akaja kweli. Alikuja miaka arobaini na zaidi.

Yeye alikuwa anashona sokoni Gikomba, anapunguza suruali za mitumba na kugeuza kola zilizochakaa. Andati alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa bweni, na nyundo yake ilikuwa inasikika mpaka huku kwangu. Thuo, mume wangu, alikuwa karani wa stoo. Sisi wanne tulikula pamoja kila Krismasi, na kila Krismasi kulikuwa na maneno. Mideva alikuwa anaangalia mukimo wangu anasema, "Nyinyi Wakikuyu mnaponda chakula kama mnafyatua matofali." Mimi namwambia mrenda wake, ile mboga ya kuteleza, unakimbia kwenye sahani kabla mtu hajashika tonge. Na kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, kwao hiyo ni sheria. Lakini Mideva alikuwa anaikata katikati, nusu ya Andati, nusu ya Thuo. Andati alinung'unika miaka ishirini na tisa. "Kwetu mtu anaweza kurudishwa kwao kwa sababu ya hii!" Mideva anamjibu, "Nirudishe, basi, nikapumzike."

Thuo alipokufa, Mideva alikaa kwangu siku tisa. Aliosha vyombo, alifua, alipokea wageni. Hakuniambia hata pole moja. Siku ya kumi aliniwekea maji ya moto kwenye karai, akaniambia, "Sasa oga. Unanuka." Watu waliniletea maneno mengi matamu wakati ule. Hilo la kuoga ndilo lililoniinua.

Kwa hivyo, zamu yangu ilipofika, nilitaka kumwinua mume wake. Nilishindwa.

Kwanza nilifikiri ni njaa ya chakula cha kwao. Nikanunua mrenda, nikauchemsha na magadi vile Mideva alinionyesha. Andati akaonja.

"Imepikwa," akasema.

"Imepikwa vizuri ama vibaya?"

"Imepikwa."

Kisha nikafikiri anataka neno la Mungu. Nikamsomea Zaburi, taratibu, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba na miwani yangu ni ya zamani. Alilala. Nikamfungulia redio asikilize matangazo ya vifo, wazee wanapenda. Akaomba nizime.

Mke wake nilimzungumzia, lakini kwa adabu. Nilisema "marehemu". Nilisema "mama watoto". Nilisema "yule aliyetutangulia". Jina sikulitaja. Mama yangu alitufundisha kwamba mtu akiwa na kidonda, usikitie kidole. Na kila nikisema "marehemu", Andati anainamia kikombe zaidi, nami nasema moyoni, unaona, bado kinauma, nyamaza.

Mwezi wa tatu, jirani yangu Waruguru alinisimamisha kwenye kamba ya nguo.

"Mama Wahome, harusi ni lini?"

"Harusi ya nani?"

"Usijifanye. Mzee anakuja kila siku amenyoa ndevu. Mjane na mjane, hata mchungaji hawezi kukataa."

"Waruguru, mimi nina miaka sabini!"

"Ndiyo nasema mharakishe."

Nilicheka, lakini nilipoingia ndani nilikaa kitandani. Je, kama ni kweli? Nitamwambia nini? Nilimpenda Andati kama mtu anavyopenda ukuta wa nyumba yake, si zaidi ya hapo. Nikimkataa hatarudi. Nikinyamaza, watu watasema. Kesho yake nilimwekea kiti nje mlangoni, watu waone hakuna siri. Alikibeba akarudi nacho ndani. Nikaogopa zaidi.

Ndipo Luseno akaja, Jumamosi, na gari. Ni mtu mzima, ana mvi, anaishi Donholm na familia yake. Alimkuta baba yake kwangu, mbele yake sahani ya ugali na kuku niliyokuwa nimemwandalia mapema, haijaguswa.

"Mama, nisaidie kumwambia," Luseno akaniambia. Ananiita Mama tangu ajifunze kusema. "Baba amepungua kilo tisa. Daktari amesema akiendelea hivi hatamaliza mwaka. Lorraine binti yangu amemwachia chumba chake, ametandika shuka mpya. Nguo nimeshaziweka kwa gari."

Nikamtazama Andati, aseme. Akazungusha kofia.

"Unasikia mtoto anavyosema?" nikamwuliza.

"Nasikia."

"Unataka kwenda?"

Nikamsogezea sahani. "Basi kula kwanza. Huwezi kwenda kwa mtoto na tumbo tupu."

Akaisukuma. Si kwa nguvu, ila aliisukuma, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa changu cha meza. Miezi minne nilikuwa na subira. Tangawizi nimeponda, mrenda nimechemsha, Waruguru amenicheka. Hapo subira ikaisha yote mara moja, nikasimama.

"Wewe Andati! Unasukuma sahani ya kuku? Mindeva angekuona saa hii angekupiga na mwiko!"

Ndiyo, nilisema Mindeva. Kuandika, naandika Mideva, herufi zote mahali pake. Kusema ndiyo shida. Ulimi wangu wa kwetu Murang'a haujui kutamka d peke yake, lazima upitie n kwanza. Nilimwita Mindeva tangu siku ile ya ndoo, kutoka mlangoni kwangu mpaka mlangoni kwake, na kila mara alinijibu, "Mindeva hayuko, ameenda Murang'a!" kisha anakuja.

Luseno akanishika mkono. "Mama, tafadhali. Usimtajie marehemu. Atachanganyikiwa."

Lakini Andati alikuwa ameinua kichwa. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Khayega, nikafikiri nimemuua.

"Mwiko gani?" akauliza.

"Nini?"

"Angenipiga na mwiko gani?"

"Ule mkubwa," nikasema. "Wa ugali."

"Huo aliwahi kunipiga nao kweli," akasema. "Hapa." Akagusa bega. Akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha fundi wa bati, machozi yanashuka kwenye mashavu aliyonyoa. Kisha akavuta sahani, akamega ugali, akachovya, akala. Akamega tena.

Luseno aliketi polepole kwenye kitanda changu. "Baba, kwa nini hukusema? Tumekuuliza kila siku unataka nini."

Andati alitafuna, akameza, akapangusa mkono.

"Nitasemaje jambo kama hilo? Mchungaji anasema marehemu. Wewe unasema Mama. Kwenye karatasi ya mazishi wameandika jina la ubatizo, Rose; Rose ni nani? Mimi nilikuwa napiga bati kule chini, nasikia huyu mwanamke anapiga kelele, Mindeva! Mindeva! najua nyumbani kuko sawa." Akanigeukia. "Nimekuja hapa miezi minne, nimekunywa chai mpaka tumbo limelegea, nangoja ukosee jina la mke wangu. Na wewe umekuwa na adabu tu. Luseno, rudisha nguo. Nataka kuishi mahali ambapo bado kuna mtu wa kumwita Mindeva."