Mgongo wa Dionisi

Eufrasia alikuwa na miaka sitini, na hakuijua sura ya baba yake. Dionisi, aliyevusha watu kwa mtumbwi katika mto Kilombero, alifariki kwa homa binti yake akiwa hajajua hata kutembea, na nyumbani hakikubaki hata kipande cha picha. Kwa hiyo Jumapili ile Mwalimu Nickolaus alipotangaza kanisani kwamba picha za kivukoni, zilizopigwa na padre mmoja miaka ya sitini, zimetundikwa ukumbini, Eufrasia hakungoja hata tangazo liishe. Aliyejaribu kumtangulia mlangoni alikiona cha moto.

Alizipitia moja moja: pantoni iliyosheheni magunia ya mpunga, wanawake wakipaa magamba ya samaki ukingoni. Vijana nyuma yake walicheka kaptula za babu zao; yeye hakuona cha kuchekesha. Mbele ya picha ya tisa akasimama. Mtumbwi ndio kwanza unaacha ukingo, abiria wote wamegeuka kuikodolea macho kamera, na kati yao ameketi mama yake, msichana mbichi kabisa, amepakata mtoto mchanga. Mama yule hakuzaa mwingine, basi mtoto ni yeye. Na mwishoni mwa mtumbwi, karibu kabisa na mpiga picha, amesimama mwanamume mrefu mwenye pondo la kusukumia mtumbwi mkononi, amewapa watazamaji mgongo.

Mzee Amedeus, aliyekuwa mvushaji enzi hizo, aliitwa aje kuthibitisha kama huyo ndiye Dionisi. Eufrasia alimwamkia shikamoo ya harakaharaka, akamwonyesha kwa kidole. Mzee alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akasema ndiye.

"Wote wamegeuka," Eufrasia alisema kwa hasira. "Kwa nini yeye hakugeuka?"

Amedeus hakuwa na haraka. Alieleza kwamba padre alimwita Dionisi mara tatu ageuke, hata akamwahidi pakiti ya sigara, na Dionisi kwa sigara alikuwa hajiwezi. Lakini wavushaji walikuwa na mwiko wao: ukishaacha ukingo na abiria, hutazami nyuma mpaka ng'ambo, hata kama anayekuita ni mama yako mzazi, kwa sababu kiboko huibukia pale ulipoacha kuangalia. Yeye mwenyewe aliwahi kugeuka, mara moja tu, kujibu utani wa rafiki. Walizika watu wawili.

"Na siku ile ya picha, mwanangu," akasema mzee, "alikuwa amekupakia wewe."

Eufrasia alilia palepale mbele za watu, wala hakujifunika uso. Miaka yote alikuwa amemnung'unikia yule mtu kwa kuondoka bila kumwachia chochote, na sasa aliona haya.

Nickolaus ana moyo mzuri, ila hawezi kuona mtu analia asitafute dawa. Alitoa simu. Akasema siku hizi kuna programu, unaipa picha, inamgeuza mtu na kumtengenezea uso. Itafuata sura ya Eufrasia mwenyewe, dakika moja tu. Tayari alikuwa ameielekeza simu kwenye picha.

Eufrasia akamshika mkono.

"Mwache, Mwalimu. Asigeuke. Mimi bado nimo mtumbwini."