Safari ya Mzee Mfaume Kwenda Buyenzi

Malek Kurban hakutaka kurusha ndege siku ile. Mgongo ulikuwa unamuuma, na mwaka mzima alikuwa mtu wa kuchoka tu. Nyumba za baba yake zilikuwa zimetaifishwa, ndugu zake walikwisha kuhamia Kanada mmoja baada ya mwingine, na yeye amebaki Tabora na mkewe, kinu cha mafuta ya karanga, na ndege ndogo ya injini moja ambayo kila mwenye shida mjini aliiona kama gari la wagonjwa.

Lakini aliyebisha hodi asubuhi ile alikuwa Tatu wa mtaa wa Chemchem, binti wa Mzee Mfaume.

“Kaka Malek, baba ametutoka,” alisema. “Alikuja kunisalimia tu. Aliniusia nimlaze Buyenzi, kando ya kaburi la mama.”

Malek aliegemea mlango. Mzee Mfaume alikuwa ameshona nguo barazani kwa baba yake miaka mingi, kabla ya kuhamia Bujumbura na kufungua kibanda chake mtaa wa Buyenzi. Kanzu ya kwanza aliyovaa Malek ilitoka kwenye cherehani ile. Kwa treni na meli maiti angekaa siku nyingi njiani.

“Kule Burundi hakujatulia, dada. Tunasikia watu wanauawa.”

“Nami nasikia. Lakini baba nitamjibu nini?”

Malek akaenda kutafuta viatu.

Jeneza halikuingia kwenye ndege. Wakang'oa viti viwili vya upande wa kulia, wakamlaza mzee juu ya ubao, ameshaoshwa na kuvikwa sanda, wakamfunga kwa mikanda. Tatu akaketi nyuma ya rubani, mkono wake juu ya kifua cha baba yake. Harufu ya kafuri ikajaa ndani.

Wakaifuata reli kuelekea magharibi, juu ya miombo isiyokwisha. Chini kule, njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga miezi kwa miezi, ilikuwa imekwisha kumezwa na msitu. Wakatua Kigoma ili kugongewa mihuri ya kutoka nchini.

Ofisa wa uhamiaji, Ndugu Lugembe, alichungulia ndani ya ndege, akavua kofia.

“Poleni sana,” alisema. “Mihuri nitawagongea. Lakini watu wanavuka kuja huku, ndugu. Sijaona anayekwenda.”

“Tumeshafika hapa,” Malek alijibu.

Wakaruka tena, ziwa mkono wa kushoto, milima ya Burundi mkono wa kulia. Walipoanza kuiona Bujumbura kwa mbali, Malek aliita kwa redio, kwa Kifaransa chake cha kuungaunga. Sauti ya mwanamume ikajibu kwamba uwanja umefungwa kwa ndege za binafsi. Malek akaeleza kuwa amebeba maiti, mzee wa Buyenzi, anayerudishwa kuzikwa. Akarudia mara mbili.

Kisha sauti ile ile ikarudi, safari hii kwa Kiswahili, polepole, kama ya mtu ambaye hajalala siku nyingi.

“Mzee gani huyo?”

“Mfaume. Fundi cherehani.”

“Namfahamu.” Mtu yule akapumua. “Ndugu yangu, geuza. Ukitua askari watakukamata, na huyo mzee hatazikwa. Nakuomba, rudi.”

Malek aligeuza shingo. Tatu alikuwa amesikia kila neno. Hakulia. Alitazama mbele, mahali ambapo mabati ya mji yalimeta kwenye jua, akatazama mpaka machozi yakamtoka kwa ule mwanga.

“Nizunguke tena nimwombe?” Malek aliuliza.

“Usimwombe. Na yeye ana watoto.” Akaifunika vizuri miguu ya baba yake. “Tumpeleke Ujiji. Amechoka kubebwa. Na mimi nimechoka, kaka.”

Malek akageuza ndege. Wakarudi kutua Kigoma.

Ndugu Lugembe ndiye aliyepeleka habari msikitini Ujiji. Watu ambao hawakuwahi kumwona Mzee Mfaume waliacha nyavu na vibanda vyao, wakachimba kaburi, wakaleta jeneza la msikiti. Malek, ambaye huswali na watu wa madhehebu yake katika jamatini, nyumba yao ya ibada kule Tabora, alisimama safu ya nyuma walipomswalia mzee. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walipoinua jeneza naye akatia bega, mgongo ukimchoma, wakabadilishana kila hatua chache hadi makaburini.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamemketisha Tatu kwenye jamvi, wakamshikisha kikombe cha uji. Alikuwa anakunywa huku akisinzia.

“Sikutimiza,” alimwambia Malek alipokuja.

Malek akaketi chini karibu yake.

“Hukutimiza,” alisema. “Wala mimi sikutimiza.”

Tatu akaitikia kwa kichwa, kama aliyeshushiwa mzigo kidogo kwa kuambiwa kweli. Akamsogezea kikombe.

“Kunywa, kaka. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni.”

Malek akakipokea. Uji ulikuwa umepoa, na tangawizi yake ilikuwa kali. Akaunywa wote.